Mama wa Nyabiondo na Serveur ya Goma

Musomaji, umeisha ona mama mukimbizi anafundisha kazi serveur, yaani ordinateur (kompyuta) kubwa inayojibu zingine? Miye niliona kwa bureau ya kuandikisha wakimbizi, Masisi. Agent alikunja mikono mbele ya ordinateur, maana majina ya kwanza aliyotuma kwa serveur ya Goma yalikuwa yangali yanangojea jibu.

"Papa, mutoto iko na homa, na bila jeton, kile kikaratasi cha kuandikishwa, hospitali haimupokei," mama mumoja wa Nyabiondo akamwambia. "Weka wale wa kwanza pembeni, uandike miye. Jibu likifika, utawaita."

"Mama, mashine inakatala. Mpaka Goma ijibu."

Akarudi kukaa, mutoto mugongoni.

Ile mama aliyosema njo asynchrone: kutuma ombi na kuendelea na ingine bila kungojea jibu! Miye niliisoma miaka mitano, na kazi sina. Ninyi mulioandika programu ile ya kuandikisha kwa Java, luga ya kompyuta, acheni kufunga kila thread, yaani kila mufanyakazi wa ndani ya serveur, kwa ombi moja mpaka lijibiwe. Mubadilishe leo. Homa ile haingojee Goma.