Fungu la Mchinjaji

Jumamosi asubuhi, umande haujakauka. Hafidhi Mwinyimvua anachutama mbele ya dume jeusi lililolazwa juu ya majani ya migomba, kijijini Kisondela. Anamwelekeza mnyama kibla, analitaja jina la Mungu, kisu kinapita. Kisha ananyanyuka mwenyewe, bila kushikwa mkono.

Wanawake wa jikoni wanapiga vigelegele. Hawamshangilii ng'ombe, wanaushangilia mguu wa Hafidhi.

"Mwaka jana nisingeweza," anasema akifuta kisu. "Kidole gumba kilivimba, hata shuka likikigusa nalia. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, nalia!"

Hafidhi, mkazi wa Makandana, ni mchinjaji kama marehemu baba yake, Mzee Hasheem, aliyekuja Tukuyu akiwa kijana kutoka Kilwa. Huku Tukuyu, Wakristo wakiwa na shughuli humwita Mwislamu achinje, ili wageni wote wale chungu kimoja. Hulipwa elfu ishirini, lakini heshima yenyewe ni fungu: maini na figo, vimefungwa kwenye jani la mgomba. Ukilikataa, umemtukana mwenye shughuli.

"Zamani tulikuja kwa mguu, mimi na baba," anakumbuka, sauti ikilegea. "Tukirudi tunawasha moto njiani, tunachoma maini, tunakula tukicheka. Ah, siku zile! Natamani hata moja irudi."

Siku zile shughuli zilikuwa za msimu. Siku hizi kila Jumamosi kuna harusi, katikati ya juma msiba, na Hafidhi akawa anakwenda kwa bodaboda, anarudi kwa bodaboda, fungu mapajani, na soda mbili tatu tumboni. Mwili ukanenepa, naye akaona ni neema.

Kidole kilipovimba, majirani walisema amekanyaga tego. Akazunguka kwa waganga mpaka mkewe, Mwantum, alipomburuta hospitali. Kumbe ni gauti: tindikali imezidi kwenye damu, inaganda kwenye maungio. Alipewa vidonge vya kila siku, akaambiwa aache maini, figo na soda, anywe maji na apunguze mwili.

"Maumivu yakiisha tu, vidonge anavitupia juu ya kabati," anasema Mwantum, bado ana hasira. "Jumamosi huyo, jani mkononi! Nikisema, ananiambia, 'Mama Safina, watu nitawaambiaje?' Nikamwambia haya, dawa inavuta huku, maini yanavuta kule, tuone nani mshindi."

Yalishinda maini. Mwaka jana, kwenye harusi ya mjukuu wa Bibi Ikupa, hapa hapa Kisondela, Hafidhi alishindwa kuchutama. Dume limefungwa, masufuria yanachemka maji matupu, wageni wanatazamana. Akajua kazi aliyoachiwa na baba yake inamfia mikononi.

Bibi Ikupa, mwenye miaka themanini na ushee, akamfuata alipokaa. "Unaumwa nini, mwanangu?"

"Bibi, nisamehe. Maini mnayonipa ndiyo yananimaliza."

Akainama, akingoja maneno makali. Bibi akacheka mpaka khanga ikamdondoka.

"Loo! Baba yako maini nilianza kumpa mimi. Alikuja kwa mguu, akarudi kwa mguu. Kilikuwa chakula cha njia! Wewe unakuja na pikipiki, maini ya nini?"

Hafidhi anasema alilia tena, safari hii si kwa kidole. Alichinja siku ile akiwa ameshikiliwa na vijana wawili. Jioni alivishusha vidonge kabatini, na hajaviacha hata mguu ukiwa mzima. Soda amezisahau. Kidole hakijavimba tangu Ramadhani.

Leo ni kipaimara cha kitukuu cha Bibi Ikupa. Nyama ikishakatwa, bibi anakuja na jani lililofungwa vizuri.

"Mwagonile, mchinjaji," anamsalimia. "Fungu lako."

Ndani mna ndizi za kuchoma na parachichi.

"Ndaga fijo, Bibi," anashukuru, akilipokea kwa mikono miwili.

Kwa sasa anatembea nusu ya njia, nusu iliyobaki anapanda bodaboda. Mwakani anataka kuimaliza yote kwa mguu, kutoka hapa mpaka mlangoni kwake.

"Nikifika pale tulipokuwa tunawasha moto na baba, nitakaa nichome ndizi zangu," anasema. "Nimwambie, baba, kazi yako bado ninayo."

Analiinua fungu puani, ananusa jani, anafumba macho kidogo.

"Harufu ni ileile," anasema, na anaanza kupanda kilima.