Siku Niliyomtunza Bi Rebeka

Kabla sijafika kwenye aibu yenyewe naomba nianze na koti, maana bila ya koti lile pengine aibu hii ingemwangukia mtu mwengine. Nililinunua Sparkhill, hapa hapa Birmingham, kwenye duka moja la nguo za harusi pale Stratford Road, mwaka alioolewa binti yangu mkubwa. Mwenye duka akanambia, "Mzee, limekukaa kama umezaliwa nalo," na mie sifa hunipanda kichwani haraka, nikalipa bei aliyoitaja bila ya kubishana hata kidogo (mke wangu, Mungu amrehemu, hakulisahau hilo mpaka anaingia kaburini).

Basi koti likawa la harusi na taarabu tu, na katika mfuko wake wa ndani nikaweka noti mpya za kutunzia. Kwetu Unguja mtu akikuimbia mpaka moyo ukatikisika, hukai kitako kama gogo, unainuka, unakwenda kwa madaha, bega mbele bega nyuma, unamtia noti yake mkononi, naye anajua kuwa umemsikia. Asiyetunza ni kama hajasikia. Ndivyo nilivyokulia, na skuli nilikoacha darasa la tatu hawakuwahi kunifundisha vyenginevyo.

Sasa, mjukuu wangu Salma yuko chuo kikuu. Anatafuta habari za Mayahudi waliohamia miji mikubwa kama hii yetu ya Birmingham zamani, wakitoka Ulaya ya mashariki, na michezo ya kuigiza waliyokuwa wakiicheza kwa lugha yao ya Kiyidishi. Siku aliponieleza nikamchokoza, "We mtoto wa Bordesley Green, michezo ya Mayahudi imekuhusu nini?" Akanijibu kwa Kiingereza chake (Kiswahili anakisikia vizuri sana, kukisema ndiko kunakomshinda) kuwa watu wale walifika na mabunda yao, mchana wanashona nguo, jioni wanajazana ukumbini kumsikiliza mtu anayesema kama mama zao, na sasa hata watoto wa wale waliosikiliza wanakufa mmoja mmoja. "Like you lot, Babu," akamalizia, yaani kama sisi wazee wake. Nikacheka, lakini nilichomwa. Hata mie ninazo nyimbo ambazo nyumbani mwangu hakuna wa kunipokea kiitikio.

Alikuwako bibi mmoja, miaka tisini na kitu, Bi Rebeka, ambaye mamake alikuwa mwigizaji wa kuzunguka mji kwa mji mpaka alipoolewa hapa Birmingham akatulia. Mamake alikuwa na wimbo mmoja wa jukwaani ambao haujapata kurekodiwa popote, na aliyebaki kuujua ni Bi Rebeka peke yake. Salma alimbembeleza kwa miezi. Mwisho bibi akakubali, ataimba mara moja, kwenye chumba cha maktaba, mbele ya watu wachache, na hatarudia, kwa sababu wimbo ule ukishamtoka unamwacha mgonjwa.

"Babu, njoo," Salma akanambia kwa Kiingereza chake kile kile. "Utapenda." Nikavaa koti.

Ndani ya basi Salma akaanza kunieleza hicho kisa cha mchezo na wimbo wenyewe unasema nini. Na hapo ndipo nilipofanya kijikosa changu kidogo, maana alipanda Mama Furaha, Mkongomani tunayejuana naye sokoni, akakaa kiti cha mbele yetu, tukaanza habari za dagaa.

"Babu, are you listening?"

"Nasikia, nasikia."

"Papa," Mama Furaha akanambia, "mtoto anakusemesha."

"Mambo ya skuli hayo," nikamjibu, tukarudi kwenye dagaa.

Kule maktaba mashine ya kurekodi ilikuwa tayari. Mie nikakaa mstari wa mbele kabisa (nani angenizuia, na koti lile?). Bi Rebeka akasimama kwa taabu, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, akaanza. Jamani. Neno hata moja sikulijua, na sauti ilikuwa imepasukapasuka, lakini ilipanda kama mtu anayepanda ngazi gizani, anapapasa, anafika. Nikamkumbuka mama yangu. Machozi yakanitoka. Halafu bibi akanyamaza, akaunyosha mkono, kiganja juu, akaubakisha hivyo.

Mie nikaona ananipa nafasi.

Nikainuka. Bega mbele, bega nyuma. Noti ya pauni tano, mpya, nikaitia kiganjani mwake, nikamfumba vidole, nikasema kwa sauti ya harusini, "Ahsante bibi, umeniua!"

Mwanawe, Bwana Devid, akaruka kutoka kitini, akanifokea kwa Kiingereza. "Huyu nani? Mamangu anaimba, wewe unamtupia pesa? Unajua sisi Mayahudi tumetukanwa mangapi kwa habari za pesa?" Wallahi sikujua. Nilisimama pale mikono inaning'inia.

"Babu, kaa chini," Salma akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, na hapo nikajua nimeharibu kweli. Akawageukia watu, akawaeleza kuwa kwetu ile ni heshima.

"Mwache," Bi Rebeka akamwambia mwanawe. Kisha akaniuliza, "Umeelewa nilichoimba?"

"Hapana, bibi."

"Ni mama anamwombea mtoto wake mkate. Wote wanampita. Mkono unakaa mtupu mpaka unachoka, na ukianguka ndipo anapoimba ubeti wa mwisho. Mamangu alisimama hivi jukwaani, ukumbi mzima unalia, na hakuna aliyeinuka hata mmoja."

Akaunyosha tena ule mkono. Noti bado imo. Akafumbua mdomo, hakikutoka kitu. Akafumba macho, akajaribu tena.

"Ubeti umeondoka," akasema. "Ulikuwepo sasa hivi."

"Pumzika, bibi, tutangoja," Salma akamwambia, na mashine haikuzimwa. Mie nikaanza kuomba radhi. "Keti, kijana," Bi Rebeka akanambia (kijana, na meno yangu haya!). Nikaketi. Lakini kila akiinua macho anakutana na mie, na kila akikutana na mie vidole vinarudi kuifumba ile noti, midomo inasimama. Nikaona wazi, ule ubeti hautarudi maadamu mie nimo machoni pake.

Kama ulirudi au haukurudi, Salma anajua, na mie sijamwuliza. Siku hizi nikiwasikiliza watu nisiowajua wanaimba, mikono naiweka chini ya mapaja nikaikalia, na ndani ya basi mjukuu akisema namsikiliza yeye, dagaa baadaye. Bibi ameshaniita mara mbili kwa chai. Sikwenda.

Siku ile, alipofumba macho mara nyengine kuutafuta, nilichukua kofia yangu, nikapita nyuma ya viti, nikauvuta mlango polepole usigonge, nikashika njia. Sijakanyaga tena pale.