Mama La na Noti Inayosikika Mara Mbili

Saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa viti vya plastiki, mwanamke wa miaka arobaini na saba anachonga tete, ulimi wa kupulizia wa zumari lake, kwa kisu kidogo. Analiweka mdomoni, anapuliza, anakunja uso.

"Sijui kama ni tete au ni mimi," anasema.

Wenzake humwita Mama La. Anapiga obo, zumari jembamba la mbao nyeusi. Kwa desturi ya okestra, obo ndiyo hutoa noti ya La kabla ya muziki kuanza, na wengine wote hulinganisha ala zao nayo. Ameitoa kwa miaka ishirini na miwili.

Miezi kumi na moja iliyopita aliamka na kizunguzungu, sikio la kushoto limeziba. Maambukizi ya sikio yalipona, usikivu ukarudi, lakini haukurudi sawasawa. Vipimo vyake vinaonyesha kuwa sauti ya La, mitetemo 440 kwa sekunde, ambayo sikio la kulia huisikia vilivyo, la kushoto huisikia juu zaidi, kama 453. Daktari hajui kama hali hiyo itaisha.

"Mume wangu akiniita kutoka jikoni, nasikia wanaume wawili," anasema. "Na wote wawili wameshindwa kuiona chumvi."

Amejaribu kuziba sikio hilo kwa pamba. "Inazuia sauti za wenzangu. Yangu inapita kwenye meno na mifupa."

Amekosa maonyesho ishirini na sita. Leo kiongozi wa okestra ataamua kama Jumamosi atarudi kwenye kiti chake.

Wanamuziki thelathini na saba wananyamaza. Mbele ya Mama La kuna kifaa cha kupimia noti. Anapuliza, sindano ya kifaa inasimama katikati: noti ni sahihi. Yeye anasikia noti imepanda. Anajizuia kwa sekunde mbili, kisha midomo inalegea yenyewe. Sindano inashuka. Fidla zinashuka nayo, kisha tarumbeta, kisha besi.

Muziki unaanza. Wanapiga dakika tatu nzima, safi kabisa, mpaka mpiga piano, aliyechelewa kufika, anapoketi na kuingia mahali pake. Piano haiwezi kushuka, na sauti zinagongana. Kiongozi anateremsha mikono.

"Nani kakosea?" anauliza mpiga piano. "Piano hii imelinganishwa jana."

"Sisi wote," anajibu mpiga besi, mzee wa miwani minene. "Mama La kashuka, tukashuka naye. Kondoo hamuulizi mchungaji njia."

"Mzee, sindano uliiona?" anauliza Mama La.

"Niliiona."

"Mbona hukusema?"

"Miaka ishirini na miwili, mama. Nilidhani sindano ndiyo mbovu."

Mama La anacheka, kisha anaacha. "Sasa nishike lipi? Sikio linanidanganya, na watu wanaliamini kuliko mashine."

Kiongozi anaelekeza kidole kwenye kifaa. "Jumamosi utakaa kitini," anasema. "La utaitoa kwa macho. Ikishuka, mzee atapiga mguu chini."

Kuanzia kesho Mama La atafanya mazoezi ya noti hiyo moja kila asubuhi, saa nzima, akitazama sindano tu. "Siku moja nitaitoa La nisikie moja," anasema. "Hapo nitajua nimerudi."

Anapuliza tena. Sindano inasimama katikati na kubaki hapo. Piano inaijibu, na sauti zao hazitengani.

"Umesikia ngapi?" mzee ananong'ona.

Mama La anaitoa obo mdomoni, anainua vidole viwili.