Maboya Yasiyokuwa na Tundu

Kila asubuhi Celestina aliyapuliza maboya ya mwanawe mpaka yakakazika kama ngozi ya ngoma, na kila alasiri yalirudi kutoka ziwani yamelegea kama soksi kuukuu. Jambo hilo lilimnyima raha. Alikuwa fundi cherehani, amefunzwa na masista katika chuo cha ufundi, na mikono yake ilikwisha kuzoea kuamini kwamba hakuna kitu kinacholegea bila kuwa na mahali kilipoachia: ama mshono umefumuka, ama uzi umelika, ama kitambaa kimechoka. Kwa hiyo kila jioni aliyazamisha maboya hayo katika beseni la maji ya sabuni, akayaminya polepole huku amekaza macho, akingoja mapovu yamwonyeshe tundu lilipo.

Mapovu hayakutoka. Akayaanika, akayakunja, akalala akiwaza kuvuja kusikoonekana.

Maboya yenyewe aliyatoa katika mitumba. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, na vitambaa ambavyo zamani watu walivipangia foleni kwenye duka la ushirika sasa vilining'inia katika kila kibanda cha Mbinga mjini. Celestina alikuwa amepanda huko kununua uzi na kitambaa cha sare za shule. Alipopita penye mitumba alimkuta Henry, mfanyabiashara aliyekuwa akiijua saizi ya kila mteja wake, amefumua robota juu ya turubai. Na katikati ya sweta na makoti pakachomoza vifuko viwili vya plastiki vyenye rangi ya chungwa.

"Hivi ni nini, Henry?"

"Hiyo ni mito ya kulalia, dada. Unapuliza, unalala."

"Midogo hivi? Na mbona iko miwili?"

"Mmoja wa shemeji."

"Shemeji gani huyo mwenye kichwa kama limau?" akadakia mama mmoja aliyekuwa akichambua soksi, na turubai zima likaangua kicheko.

Celestina hakucheka. Alikuwa amekwisha kuiona picha iliyochapwa kwenye plastiki. Palikuwa na maji, na juu ya maji palikuwa na uso wa mtoto anayecheka. Kuanzia shingoni kwenda chini picha ilikuwa imefutika kwa kukunjwakunjwa. Uso ule ulimtosha. Alilipa bila kupunguziwa hata kidogo, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akapanda lori linaloteremkia ziwani kwa njia ya kijiji cha Ruanda akiwa amevishika vifuko vile mapajani njia nzima.

Haja yake ilikuwa hii. Kwake, kule Mbaha alikoolewa, shule ya msingi ilikuwa ng'ambo ya mto. Kiangazi watoto walivuka kwa kukunja nguo hadi magotini. Mvua zikikolea, mto ulipanuka pale unapoingia ziwani, na njia ikabaki moja tu: mtumbwi wa Mzee Ignatio. Naye Mzee Ignatio alikuwa na sharti ambalo hata mwalimu mkuu hakulipinga. Asiyejua kuogelea hapandi. Kila Januari aliwachukua watoto wapya, mmoja mmoja pamoja na mama yake, hadi penye kina, na mama ndiye aliyetakiwa kumteremsha mwanawe majini kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto akiogelea hadi ukingoni, amepata nafasi ya kuvushwa mwaka mzima. Asipofika, Ignatio alimwopoa kabla hajanywa maji mengi, akamrudisha nyumbani angoje mwaka mwingine.

Albina, binti yake Celestina, alikuwa amekwisha kungoja mwaka mmoja. Hakushindwa, hakuteremshwa. Mwaka uliotangulia mama yake alikaa naye mtumbwini, akamshika chini ya makwapa, akamnyanyua juu ya ukingo wa mtumbwi, na hapo mikono ikagoma. Ignatio alingoja. Akina mama walitazama kutoka ukingoni. Hatimaye mzee yule aligeuza mtumbwi, na jambo hilo lilimwumiza Celestina kuliko matusi.

Alikuwa mzaliwa wa Kitura, juu milimani. Huko maji hukaa chini kabisa ya bonde, na mtu huyasikia kabla ya kuyaona. Mama yake alimfundisha kulima ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayopangwa mteremko mzima ili mvua itulie ndani yake isikimbie na udongo. Maji, kwa jinsi alivyolelewa, yalikuwa kitu cha kuzuiwa kisiondoke. Sasa aliishi penye maji ambayo hayakuwa na nia ya kuondoka, yakija hadi karibu na jiko na kurudi, na mtoto wake aliitwa "Ngolo" na wenzake kwa sababu alibaki amesimama mchangani wakati wao wanapiga mbizi.

"Mwaka huu atavuka," alimwambia mama mkwe wake jioni aliyorudi, akayaweka maboya juu ya mkeka.

Mama mkwe, Bibi Scholastica, ambaye kijiji kizima kilimwita Bibi Skola, aliviinua vile vifuko kwa vidole viwili kama anayeinua samaki aliyelala. "Yanavaliwa wapi haya?"

Celestina alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu Ruanda. "Miguuni, mama. Kinachotangulia kuzama ni miguu."

Bibi Skola aliyarudisha mkekani. Placidi, mwanawe na mume wa Celestina, alikuwa Songea akiuza usipa, wale dagaa wa ziwa, na mama yake hakupenda kubishana na mkwe wakati mume hayupo.

Hata hivyo Celestina hakuwa mtu wa kujaribia kitambaa kipya kwenye nguo ya mteja. Kesho yake asubuhi, pale wanawake wanapooshea vyombo, alikifunga kitenge chake sawasawa, akayavaa maboya kwenye vifundo vya miguu yake mwenyewe, akaingia majini hadi kiunoni mbele ya wanawake wote. Kisha, kwa ujasiri ambao hakuwahi kuutumia popote, akainua miguu.

Miguu ilipanda. Ilipanda vizuri mno. Nyayo zake zilichomoza juu ya maji zikiwa na vikuku vya rangi ya chungwa, na kilichobaki chote kikaenda chini. Aliona mchanga, akaona sufuria ya mtu, akasikia mngurumo masikioni. Kisha mkono mgumu ukamkamata penye fundo la kitenge na kumvuta juu.

"Mkwe wangu!" Bibi Skola alikuwa akihema na kucheka kwa pamoja. "Hata shina la muhogo lina juu na chini!"

Wanawake walicheka hadi mmoja akaketi majini na nguo zake. Celestina alikohoa, akapangusa macho, akajitazama. Alikuwa mzima. Alikuwa amekwenda chini, kule hasa alikokuogopa miaka yote, na kule kulikuwa na mchanga na sufuria. Kicheko kikamtoka bila kukipangia.

"Mikononi, basi," alisema.

"Mikononi," alikubali Bibi Skola. "Na mtoto, si wewe."

Hivyo Albina akaanza. Siku za mwanzo Celestina alikaa ufukweni akimtazama, na kila mara mtoto alipoinamisha kidevu mama alisimama, naye Albina akimwona mama amesimama aliogopa na kuanza kutapatapa. Kisha sare zikamshukia Celestina. Wazazi wote walikumbuka kwa wakati mmoja kwamba Januari inakaribia; sketi na mashati yalirundikana juu ya cherehani, naye akabaki kukanyaga tangu asubuhi hadi giza likaribie. Kumpeleka mtoto majini likawa jukumu la bibi. Kilichobaki kwa Celestina ni pumzi. Kila asubuhi aliyajaza maboya, akavibana vizibo kwa dole gumba, akavikagua tena, ndipo akamkabidhi Albina. Na kila alasiri yakarudi yamelegea.

"Yanavuja, mama," alilalamika.

"Vitu vya mitumba," alisema Bibi Skola, akiendelea kupepeta unga.

"Lakini sioni tundu."

"Basi siku utakapoliona, utaniita."

Siku ya mtumbwi ilipofika, ziwa lilikuwa tulivu lakini mto ulikuwa umejaa maji ya udongo. Akina mama walipanga watoto wao ukingoni. Celestina aliyapuliza maboya alfajiri, akayapuliza tena walipofika, akapanda mtumbwini akiwa amemkumbatia Albina ambaye mikono yake miwili ilikuwa imesimama pembeni kama mabawa ya kifaranga. Mzee Ignatio alipiga kasia hadi penye kina, akausimamisha mtumbwi.

"Shikamoo, mzee," alisema Celestina, ingawa walikwisha kusalimiana nchi kavu.

"Marahaba, mama Albina. Mvue hayo."

"Mzee wangu, mwache nayo. Yenyewe hayamsaidii sana. Yana tundu."

"Kama hayamsaidii, mvue. Kama yanamsaidia, mvue. Mimi navusha watoto, sivushi plastiki."

Celestina hakusogea. Alihisi mikono yake inaanza ile kazi ya mwaka jana, vidole vikijifunga kimoja kimoja kwenye mbavu za mwanawe. Alijua fika kitakachofuata. Mtumbwi utageuzwa, na Albina atarudi mchangani kungoja tena, akiwa mrefu kuliko watoto wote wa darasa lake, na safari hii ataelewa ni nani aliyemzuia.

"Celestina!" Sauti ilitoka ukingoni. Bibi Skola alikuwa ameingia majini hadi magotini, mikono ameikunja mdomoni kama pembe. "Usitafute tundu! Halipo! Vizibo nilivitoa mimi!"

"Ulivitoa lini, mama?"

"Kila siku! Tangu uliposhona zile sketi za kwanza!"

Wanawake wakapokezana maneno yale ukingoni. Celestina alimtazama mwanawe. "Ni kweli?"

Albina aliangalia vidole vya miguu yake. "Bibi anavitoa, upepo unaisha, halafu naogelea. Kisha ananivalisha tena tukirudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Bibi alisema ukijua utakuja kukaa pale mchangani." Mtoto alisita. "Na wewe ukisimama, mimi nazama."

Mzee Ignatio alijikuna kidevu kwa mpini wa kasia na kutazama upande wa ziwa, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakati wa mazungumzo.

Celestina alikumbuka beseni na yale maji ya sabuni, na jioni zote alizoinamia plastiki isiyokuwa na kosa. Siku zote hizo Albina alikuwa akielea kwa pumzi yake mwenyewe, na pumzi ya mama yake ilikuwa ikimwagwa ziwani kila asubuhi pasipo mtu kuihitaji. Alipaswa kukasirika. Alipoitafuta hasira alikuta mahali pake pametulia, kama ngolo iliyopokea mvua.

Alivuta kizibo cha kwanza. Upepo ulitoka ukimpuliza kifundo cha mkono. Akavuta cha pili, akamvua mwanawe maboya, akayakunja na kuyakalia ili yasimshawishi. Kisha akamshika Albina chini ya makwapa na kumnyanyua.

"Mama," alinong'ona Albina, "usisimame."

"Sisimami."

Akamteremsha, na vidole vikafunguka.

Kichwa cha mtoto kilipotea. Celestina aliushika ubao wa mtumbwi, akabaki ameketi. Kichwa kikatokea mbali kidogo kuliko alivyotazamia, nywele zimelowa, mdomo ukitema maji ya udongo, na mikono ile myembamba isiyokuwa na chochote ikaanza kuchota maji na kuyasukuma nyuma, bila pupa, jinsi bibi yake anavyopepeta unga. Mto ulimsogeza pembeni kidogo. Alikwenda nao, akaukata, akaendelea. Ukingoni mtu alianza kuita, "Ngolo! Ngolo!" na mara hii jina lile lilikuwa la shangwe, hadi Bibi Skola alipomshika mjukuu wake mkono na kumsimamisha juu ya tope.

Hapo ndipo Celestina alipogundua kwamba alikuwa hajavuta pumzi. Aliivuta, nyingi mno, na machozi yakaja nayo. Akayaacha yatiririke, maana hapo mtumbwini hakuna aliyekuwa mkavu.

"Huyo navusha," alisema Mzee Ignatio. Aligeuza kasia, akalisimamisha tena. "Umebaki wewe."

"Mimi?"

"Sharti halisemi mtoto. Linasema abiria. Nimekubeba mara mbili kwa ajili ya binti yako. Siku ya mkutano wa wazazi utavukaje?"

"Nitaenda na barabara ya juu, mzee."

"Mvua zimeikata. Barabara ya juu haipo mpaka Juni."

Alasiri ile, cherehani ikiwa imefunikwa, Celestina aliteremka penye vyombo akiwa na maboya yake. Plastiki ilikuwa ndogo kwa mikono yake, ikampanda kwa shida hadi juu ya viwiko, lakini ilikaa. Aliyapuliza mwenyewe. Albina, mwanafunzi wa darasa la kwanza tangu asubuhi, alikuwa amekwisha kuingia majini akimngoja, na Bibi Skola alisimama karibu, mikono nyuma, uso umetulia kuliko inavyofaa.

Celestina aliingia hadi kiunoni, akasimama, akamgeukia.

"Mama," alisema, "usivitoe vizibo mpaka nikuambie."

"Jilaze kwanza, mkwe wangu," alijibu Bibi Skola, akisogea hatua moja karibu zaidi. "Na safari hii, kichwa juu."