Pembe Iliyobaki Imejaa

Nilikuwa mwalimu Thika, na kila Jumamosi nilirudi kwa baiskeli hadi karibu na Ruiru, kwenye kijiji tulimorundikwa na wakoloni wakati wa hali ya hatari, handaki pande zote. Baba alikuwa kizuizini. Jioni nilimsimulia mama na dada yangu yale niliyofundisha darasani, maana mwalimu hata akiwa kwao hanyamazi.

Jioni moja ilikuwa zamu ya Bizanti, ile dola ya kale ya Warumi wa mashariki. Nikawaeleza ukoo wa wanajeshi wa mashambani, na mjane wao aliyebaki na watoto wengi bila wa kuwatetea. Akawaoza mmoja mmoja, huyu kwa jemadari, yule kwa jamaa za kaisari, hadi mwanawe mwenyewe akakalia kiti cha enzi.

"Huyo mama alikuwa na akili," mama akasema.

"Na wasichana, waliulizwa?" dada akauliza.

"Kitabu hakisemi."

Mama akachochea moto. Mimi nikalala vizuri.

Haukupita muda, watu wa hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na wakoloni, wakaja kumposa dada kwa niaba yake. Juzi tu walikuwa wakichunga mbuzi za wenyewe. Sasa walikuwa na bunduki, shamba la kahawa, na ruhusa ya kupika muratina, pombe tuliyokatazwa sisi wengine.

Nilipofungua mdomo, mama akanikatiza. "Mkono mtupu haulambwi. Ama unataka baba yako aozee huko?"

Kwetu, baba humuuliza binti mbele ya watu kama anywe pombe ya wachumba. Binti akikubali, huonja kwanza, kisha humpa baba pembe ya kunywea. Baba hakuwepo. Baba mdogo aliipokea akanywa, hakuuliza mtu. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo. Sikukasirika wala sikuhuzunika. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi.

Dada akaolewa, hedimani akasema neno moja kwa wakubwa, na mwaka uliofuata baba akaachiliwa. Aliposikia yaliyopita hakugomba. Alitafuta pombe, akamwita dada, naye akaja na mtoto mgongoni.

Baba akainua pembe. "Mwanangu, ninywe hii pombe?"

Dada hakuonja. "Kunywa tu, baba," akasema, kama mtu anayeagiza chumvi. "Si ndiyo iliyokutoa kizuizini."

Mama alikuwa akitazama moto. Baba alishika ile pembe mpaka povu lote likaisha, kisha akaiegemeza ukutani, imejaa.