Fukusi Walisikia Vizuri

Siku ile Kinkondja, kando ya ziwa, tulikuwa wanne. Minyi, yaani mimi, niliyetoka Kamina. Mdogo wangu, tumbo moja na minyi. Binti yake, aliyesomea mambo ya mashamba. Na shemeji yetu, mdogo wa marehemu mume wa mdogo wangu, mwenye mtumbwi. Majina yao yote ninayo, siyaandiki tu.

Mdogo wangu alikuwa amevimba miguu. Alitaka kitu kimoja: avuke mpaka kisiwani alikozikwa mume wake, alisafishe kaburi kwa mkono wake. Lakini jasenti, yale majani yanayoelea yenye maua ya zambarau, yalikuwa yamefunga njia ya mtumbwi.

Binti akaleta ndoo ya fukusi, wadudu wadogo wa rangi ya udongo. Akasema hawa wanakula jasenti tu, hawagusi mihogo yetu; watachukua misimu, lakini watayapunguza. Shemeji akacheka, akauliza watayajuaje katikati ya matete yote haya, nani amewaonyesha. Binti akajibu wanasikia harufu, na zaidi ile ya jani lenye kidonda. Jani likikatwa ni kama linaita.

Mdogo wangu akamwambia: "Shemeji, fukusi haina masikio na inasikia. Weye iko na mawili."

Tukacheka sana.

Binti akawamwaga fukusi majini, akarudi kazini, akituachia neno: pale tusikate kitu. Minyi nikaona misimu ni mingi, na mdogo wangu hakuwa nayo. Nikamwomba shemeji akate kidogo kidogo, nami nikavuta majani mpaka nchi kavu. Lundo likawa kubwa. Lilipokauka juu, likawashwa moto.

Pembeni ya majivu nikawaona fukusi, wamekauka kama punje za pilipili. Walisikia majani tuliyoyaumiza, wakayafuata mpaka kwenye moto.

Nikaenda kumwambia mdogo wangu. Akaniambia:

"Yaya, mkubwa wangu, usilie. Bale badudu balisikia vizuri. Shiye watu njo hatukusikia."

Mvua hazijaanza, akafa. Tulimzika ng'ambo hii. Mume wake yuko ng'ambo ile, na katikati jasenti inatoa maua.

Binti anasema mama yake alimwambia ni shemeji aliyewasha kiberiti. Shemeji naye ameshakufa. Minyi nakumbuka ni mkono wangu. Kama kuna aliyepita kando ya maji siku ya moto ule akaona vingine, anisahihishe. Ningefurahi kukosea.