Kutoka Nambis Mpaka Nakonde kwa Dume Mmoja

Niliondoka Nambis, kijijini kwetu Mbulu, kwa sababu ya aibu, na sitawaficha. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi cherehani, nimeposwa, ndoa imeshatangazwa kanisani, na sare za wasimamizi nimezishona mwenyewe. Wiki tatu kabla ya harusi mwanaume akasema amebadili mawazo. Basi! Kila nikienda kuchota maji, watu wananyamaza. Afadhali wangesema. Rafiki yangu Paulina, niliyesoma naye ushonaji, alikuwa na kibanda Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Akanipigia simu: "Njoo. Huku hakuna anayekujua." Sikuwa nimesikia maneno matamu kama hayo mwaka mzima.

Nauli ya kufika huko sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni ng'ombe. Baba alinipa mtamba siku ya kipaimara, na kwa kuwa kwetu milimani malisho ni machache, alimpeleka Mogitu kwa rafiki yake Mzee Gidamis, mfugaji wa kule tambarare. Ndivyo watu wetu wanavyofanya tangu zamani: ng'ombe anakaa kwa mwenzako, yeye anakunywa maziwa, na wewe unajua una mifugo. Miaka tisa sikuwahi hata kwenda kumwona.

Ijumaa asubuhi nikapanda gari Mbulu mjini. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tukapita Dongobesh, tukashuka mlima mpaka barabara ya lami, tukaipita njia panda ya Gitting ambako wanawake walikuwa wanapanga viazi kwenye ndoo. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika ukungu. Mimi nilikuwa nawaza cherehani tu. Nilikuwa nimeshaongea kwa simu na dalali mmoja wa ng'ombe, na kweli, nilipofika Mogitu nikamkuta ananisubiri na pikapu yake. Nilijiona mjanja sana.

Saa saba mchana tukaingia kwa Mzee Gidamis kwa kishindo cha injini. Alikuwa amesimama mlangoni mwa boma, mrefu, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu nani?" Macho yake yalikuwa kwa dalali.

"Ni mnunuzi. Nimekuja kumchukua ng'ombe wangu."

Mzee akatuonyesha vigoda. Mke wake akaleta maziwa kwenye kibuyu, akanipa mimi, dalali hakupewa. Nikanywa mpaka yakaisha. Ndipo mzee akasema taratibu, "Baba yako alipomleta ng'ombe huyu alilala hapa siku mbili. Tulikaa, tukazungumza. Wewe umekuja na gari, na injini hujazima."

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Nililelewa kwenye nyumba ambayo mtoto hataji shida yake kabla ya kukaa na kuwajulia hali wakubwa, halafu leo nimeingia kwa mtu mzima kama askari wa kodi. Dalali akaona mambo yameharibika, akageuza pikapu, akaenda zake. Na nauli yangu ikaenda naye, nilivyodhani. Nikalia pale pale, bila kujificha.

"Unakimbia nini, binti yangu?" mke wa mzee akaniuliza.

Nikamwambia yote: posa, tangazo la kanisani, mpaka zile sare.

"Umezishona mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama. Saba. Za rangi ya zambarau."

Akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikashangaa kujisikia ninacheka naye. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mambo yale yatokee.

Nililala pale siku tatu. Nikajifunza kukamua ng'ombe asiyenipenda, maana yule wangu alinipiga teke mara mbili. Alikuwa amezaa dume na majike mawili. Siku ya mnada, Mzee Gidamis mwenyewe akaliswaga lile dume mpaka Katesh, nami nyuma yake nikikimbiakimbia. Akabishana na wanunuzi bila haraka, akamkataa wa kwanza, akamkataa wa pili. Fedha zote akanikabidhi mimi.

"Mama yake na wale wawili wanabaki," akasema. "Mwenye ng'ombe huku hajahama. Ametembea tu."

Kesho yake nikapanda basi Katesh. Singida, Dodoma, Iringa, Mbeya. Nilikula mahindi ya kuchoma kila stendi mpaka tumbo likalalamika. Tunduma, mpakani, nikagongewa muhuri, nikavuka kwa miguu na begi langu kichwani. Paulina alikuwa upande wa pili anarukaruka kama mtoto.

Siku yangu ya kwanza kibandani, mama mmoja muuza dagaa alileta kitenge.

"Umeolewa?" akaniuliza.

"Hapana."

"Haya, nipime. Mikono uifanye mipana."

Ikaishia hapo! Nilimpima kwa furaha. Baada ya miezi minne nikanunua cherehani yangu. Kuna siku nilikumbuka kwetu mpaka nikakosa hamu ya kula, lakini kazi ilinipenda na mimi nikaipenda.

Baada ya mwaka mmoja na nusu nikarudi kusalimia, Krismasi. Nambis hakuna aliyenyamaza nilipopita. Waliniuliza bei ya vitenge.

Siku ya pili mama akanituma mashineni kusaga debe la mahindi, na njiani nikakutana na yule mwanaume, uso kwa uso. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo. Nilianza kuyapanga ndani ya basi, kabla hata hatujafika Singida. Makali, yenye chumvi, niliyarudia usiku na mchana kule Nakonde.

"Karibu nyumbani," akasema, anatazama viatu vyake. "Pole na safari."

Nikayatafuta yale maneno. Hayakuwepo. Nilimtazama mtu huyu nikaona ni jirani tu, amekonda kidogo. Nilidhani nimesafiri ili nisionekane, kumbe nilihitaji kwenda mbali mpaka nami niache kujitazama kwa macho ya watu.

"Asante," nikamjibu. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie sana." Nikaweka vizuri debe langu kichwani, nikaongeza mwendo, maana foleni ya mashineni siku za Krismasi mnaijua wenyewe.